Chumvi, Presha na Lugha ya Jikoni: Historia ya Mafunzo ya Lishe kwa Wenye Shinikizo la Juu la Damu Jinja na Mbale, Uganda Mashariki

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mafunzo ya lishe kwa watu wenye shinikizo la juu la damu katika miji ya Jinja na Mbale, kwa kuanzia na historia ya chumvi yenyewe na maneno yanayoitaja. Inadai kwamba udhaifu wa mafunzo hayo hautokani na ukaidi wa wagonjwa. Mafunzo yaliandaliwa kwa lugha ya hospitali na kuelekezwa kwa mgonjwa, ilhali chumvi hutiwa jikoni, mara nyingi na mtu mwingine, kwa lugha nyingine. Makala inapendekeza nafasi ya Kiswahili katika kazi hiyo na kuonyesha mipaka yake.

Utangulizi

Mwaka 2014 Uganda ilifanya kwa mara ya kwanza uchunguzi wa kitaifa wa vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Ilibainika kwamba asilimia 26.4 ya watu wazima waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Miongoni mwao, waliojua hali yao walikuwa asilimia 7.7 tu. Mkoa wa Mashariki haukutofautiana sana na wastani wa taifa. Tarakimu ya kwanza imenukuliwa mara nyingi katika mijadala ya sera, lakini ya pili ndiyo inayomhusu zaidi mwanaisimu, kwa sababu inahusu kujua, na mtu hujua kwa maneno. Anayeambiwa kwamba ana ugonjwa usioumiza, kisha akaamriwa kubadili kitu anachokila kila siku, hana ushahidi mwingine isipokuwa neno la mhudumu na namba iliyoandikwa kwenye kadi.

Jinja na Mbale zinafaa kuchunguzwa pamoja. Kila mmoja una hospitali ya rufaa ya mkoa inayopokea wagonjwa kutoka wilaya nyingi. Jinja ulikua kwa viwanda, Mbale kwa kahawa na biashara ya mlimani. Katika chumba kimoja cha kusubiria cha miji hii husikika Kisoga, Kiganda, Kigisu, Kigwere, Kiteso, Kisamia, Kijaluo na Kiswahili, na juu ya zote hizo Kiingereza cha majalada.

Ugonjwa uliosemekana haupo

Kuchelewa kwa mafunzo haya kuna chanzo katika historia ya utabibu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kisii upande wa Kenya, alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwapima watu wapatao 1,000. Aliripoti kwamba katika miaka miwili ya kulaza wagonjwa hospitalini hapo hakukutana na mwenye shinikizo la juu, na kwamba shinikizo lilielekea kushuka kadiri watu walivyozidi kuzeeka. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Donnison hakupima kwa uaminifu. Tatizo ni matumizi ya maneno yake. Kilichokuwa maelezo ya watu fulani waliokuwa wakila chakula fulani kiligeuka, katika vinywa vya waliomfuata, kuwa sifa ya Mwafrika kwa ujumla.

Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na kisha Mulago, Uganda, tangu 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona badiliko hilo likitokea mbele yake. Kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika ni kumbukumbu ya daktari aliyeanza kazi pasipo wagonjwa wa presha na kuimaliza wakiwa wengi. Ushahidi wa kisababishi ulizidi kukusanyika. A. G. Shaper na wenzake walionyesha mwaka 1969 kwamba vijana wa Kisamburu walioingia jeshi la Kenya, wakaacha maziwa na nyama za nyumbani na kula chakula cha kambi chenye chumvi nyingi zaidi, shinikizo lao lilipanda. Utafiti wa Poulter na wenzake, uliochapishwa mwaka 1990, uliwafuata Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Shinikizo lao lilipanda ndani ya miezi michache, mkojo wao ukionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu. Damu zao zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni maisha, na katika maisha hayo, chungu.

Hata hivyo, kwa muda wote huo Uganda Mashariki haikuwa na somo la lishe lililotungwa kwa ajili ya wagonjwa hawa. Ugonjwa unaoaminika kuwa haupo hautungiwi somo.

Kambi, kiwanda na duka

Kabla ya reli, chumvi ya Uganda ilikuwa bidhaa ya safari ndefu. Ilitoka Katwe na Kibiro, ikabebwa kwa mitumbwi na vichwani, na ilipofika mbali bei yake ilikuwa imepanda. Kiganda huiita omunnyu, Waluhya husema munyu, na Kiswahili chenyewe kina munyu katika kamusi za zamani pembeni ya chumvi ya leo. Neno lenye mzizi mmoja kutoka pwani hadi Elgon laonyesha kitu cha kale na cha thamani. Lisidhaniwe kuonyesha wingi.

Wingi uliletwa na reli, duka na mgawo wa kazi. Jambo hili limeacha alama katika neno moja ambalo kila msomaji analifahamu, ingawa si wote wanaolifahamu kwa maana moja. Posho katika Kiswahili ni mgao wa chakula au fedha anaopewa mtumishi au askari. Nchini Uganda posho ni ugali wenyewe. Maana hiyo ilisafiri kwa njia inayoeleweka: mfanyakazi wa shamba na askari wa KAR walipokea unga wa mahindi kama posho yao, na malipo yakawa jina la chakula. Katika kiwanda cha sukari cha Kakira, kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930, katika kambi ya jeshi ya Jinja, na katika mitaa ya wafanyakazi kama Walukuba, iliyopanuka pamoja na ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, watu wa makabila mengi walijifunza kula mlo mmoja na kuzungumza lugha moja. Mlo ulikuwa posho na maharage. Lugha ilikuwa Kiswahili.

Posho haina ladha yake. Ndizi iliyopikwa kwa majani, kiazi kitamu au muhogo huweza kuliwa kwa mchuzi wa karanga usio na chumvi nyingi, na vyenyewe vina potasiamu ya kutosha. Ugali mweupe unadai kitoweo kikali. Kwa hiyo mabadiliko ya wanga yalivuta mabadiliko ya chumvi, na ushauri unaosema «punguza chumvi» bila kugusa kinacholiwa pamoja na mchuzi huo umeshika nusu ya jambo.

Kuna tukio la pili ambalo wapangaji wa mafunzo hulisahau. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, uzalishaji wa Kakira uliporomoka, na familia ya Madhvani haikurudi hadi 1985. Sukari, chumvi na sabuni zikawa bidhaa za foleni, za kibali na za magendo. Watoto na vijana wa miaka hiyo ndio leo wenye umri wa miaka hamsini na sitini na zaidi, yaani rika lilelile linaloketi kwenye mabenchi ya kliniki za presha. Kwao mchuzi uliokolea na chai yenye sukari ya kutosha si ulafi. Ni alama kwamba nyumba imetoka katika dhiki. Mhudumu aliyezaliwa baada ya 1990 anapowaambia waache vitu hivyo, haoni kwamba anawarudisha mahali ambapo hawataki kurudi, na kwamba kimya chao hakimaanishi wamekubali.

Majivu na magadi

Upande wa Mbale historia inachukua njia tofauti kidogo, na ndiyo yenye funzo kubwa zaidi kwa waandaaji wa lishe. Jamii za miteremko ya Elgon, sawa na majirani zao Waluhya, walikuwa na desturi ya kupika kwa maji yaliyochujwa kupitia majivu ya mimea, kama maganda ya ndizi au ya maharage. Waluhya huyaita musherekha. Maji hayo hulainisha mboga ngumu na maharage, huondoa uchungu, na huupa mchuzi ladha ambayo mgeni huidhania kuwa chumvi. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, ni chakula kinachotambulisha Ugisu mpaka leo, na hupikwa vizuri bila chumvi nyingi ya dukani.

Majivu ya mimea yana zaidi kaboneti ya potasiamu. Magadi, kama yale yatokayo Ziwa Magadi nchini Kenya, pamoja na unga wa kuumulia unaouzwa madukani, ni misombo ya sodiamu. Mpishi aliyeacha kuchuja majivu akanunua magadi au unga huo aliona kwamba amepata njia nyepesi ya kufanya kazi ileile, na jikoni ni kazi ileile kweli. Ndani ya mwili sivyo. Badiliko hilo halikutangazwa na mtu yeyote, wala halimo katika orodha ya maswali ya kliniki, kwa sababu swali huulizwa hivi: «Unatumia chumvi nyingi?» Anayelainisha maharage kwa magadi atajibu kwa haki kabisa kwamba hatumii.

Wataalamu wa lishe duniani wamefika karibu na hapo kwa njia ndefu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha vijiji 600 vya China. Kwa waliopewa chumvi ambayo sehemu ya sodiamu yake ilibadilishwa kwa potasiamu, visa vya kiharusi vilipungua kwa asilimia 14 vikilinganishwa na waliotumia chumvi ya kawaida. Haimaanishi kwamba wagonjwa wa Mbale warudishwe kwenye majivu, hasa wenye maradhi ya figo, ambao potasiamu nyingi huwadhuru. Maana yake ni kwamba mwalimu wa lishe Ugisu anaweza kuanza na jambo ambalo bibi wa nyumba analijua kuliko yeye.

Kitobero kilipata jina

Uganda ina mfano wake wa mafunzo ya lishe yaliyofaulu kushika mizizi. Utapiamlo wa watoto, ambao Trowell na wenzake waliutungia kitabu mwaka 1954, ulizaa katikati ya miaka ya 1960 kituo cha Mwanamugimu huko Mulago. Jina lake lilichukuliwa kutoka katika methali ya Kiganda kuhusu mtoto mwenye afya. Mama hakupewa karatasi. Alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe kwa vyakula vinavyopatikana sokoni kwake, akaona uso wa mtoto ukibadilika siku kwa siku. Chakula hicho cha mchanganyiko kiliitwa kitobero, kutoka kitenzi cha Kiganda cha kuchanganya. Neno hilo limevuka mipaka ya Kiganda na kueleweka hata mashariki.

Ulinganisho na presha unaumiza. Kitobero humfundisha mpishi kuongeza, ilhali mlo wa presha humfundisha kupunguza. Kitobero kina shahidi, yaani mtoto anayenenepa, lakini shinikizo linaposhuka halionekani kwa macho. Tena kitobero kina jina. Mlo wa mwenye presha hauna jina katika lugha yoyote ya Uganda Mashariki. Huitwa tu kwa makatazo: usile hiki, acha kile. Chakula kisicho na jina hakiwezi kuagizwa, kusifiwa, wala kupikiwa mgeni.

Maneno ya kliniki

Neno linalotumika kweli ni presha, nalo Kiganda husema puleesa, sambamba na entunnunsi linalotaja pia mapigo ya mshipa. Kiswahili sanifu kina shinikizo la damu, neno zuri lililotokana na kifaa cha kukamulia mafuta, lakini katika soko la Jinja haliwezi kusikika bila mtu kuuliza maana. Presha hubeba maana za ziada ambazo kitabu cha tiba hakizitaki. Watu wengi huihusisha kwanza na mawazo, yaani wasiwasi wa ada za shule, ndoa na ardhi, na hivyo dawa yake huonekana kuwa utulivu, si chungu. Tena hugawanywa kuwa ya kupanda na ya kushuka, kana kwamba ni magonjwa mawili yanayopokezana. Mwenye kizunguzungu hushauriwa na jirani alambe chumvi kwa kuwa presha «imeshuka». Mgonjwa aliyefaulu kupunguza namba zake huweza kuamini kwamba amevuka kuingia katika ugonjwa wa pili, na jirani akamwekea chumvi mkononi.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Katika lugha hii, kusema kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi ni kumheshimu: ameishi miaka mingi na kuona mengi. Kipeperushi kinachotafsiri ushauri wa tiba kuwa «usile chumvi nyingi» kinaanza kwa kugongana na sifa ya uzee. Mzaha huu haukwepeki katika kikao cha wazee, na mwalimu hodari huutumia badala ya kuukimbia.

Mgongano mzito zaidi ni wa sera na sera. Katika miaka ya 1990 Uganda, kama nchi nyingi, iliweka sharti kwamba chumvi inayoliwa iwe na madini joto ili kuzuia tezi la shingo, ambalo lilisumbua hasa maeneo ya milimani. Kina mama walifundishwa, kwa mabango na kwa redio, kununua chumvi ya pakiti na kuitumia. Somo lilieleweka vizuri. Baada ya miaka isiyozidi thelathini, vituo vilevile vya afya vinawaambia waiogope. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2014 kwamba mambo haya mawili hayapingani, kwa kuwa kiwango cha madini joto kinaweza kuongezwa kadiri watu wanavyopunguza chumvi. Maelezo hayo yapo katika nyaraka. Kwa mwanamke wa Bududa aliyekaa foleni tangu alfajiri, ni serikali iliyobadili kauli, na ana haki ya kungoja ibadilike tena.

Nani ashike kijiko

Kama ilivyo katika vituo vingi vya umma Uganda, somo la lishe hutolewa asubuhi kabla daktari hajaanza kuona wagonjwa. Ni mazungumzo ya pamoja na ya haraka, katika lugha ambayo mhudumu anadhani itawafikia wengi. Kipimo kinachotajwa ni gramu 5 za chumvi kwa mtu kwa siku, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Gramu haiko jikoni. Hata kijiko cha chai kimoja kilicho bapa, ambacho ni sawa na gramu hizo, hakisaidii sana pale chungu kinapokuwa cha watu saba na mpishi anatia kwa vidole.

Hesabu nyingine ingefaa zaidi. Watu saba kwa gramu 5 ni gramu 35 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isipungue majuma mawili kabla ya kwisha, na ikiwa nyumba hula pia mkate, chapati za barabarani, samaki waliokaushwa kwa chumvi na unga wa viungo vya mchuzi, idumu zaidi ya hapo. Kila anayetumwa dukani anajua pakiti ilinunuliwa lini. Kipimo cha namna hii hakihitaji mizani wala tafsiri, na kinamhamishia swali mtu anayehusika, yaani mpishi. Mwanamume mwenye presha aliyeketi kliniki Jinja mara nyingi hajawahi kutia chumvi katika chungu cha nyumbani kwake. Kumfundisha yeye peke yake ni kumtuma nyumbani na amri ambayo hana ujuzi wa kuieleza, na huko itageuka lawama juu ya mapishi ya mke au mkwe.

Kwa sababu hiyo, historia ya TASO, shirika lililoanzishwa mwaka 1987 na lenye vituo Jinja na Mbale, lingefaa kusomwa upya na wapangaji wa huduma za presha. Jaribio lililofanyika Jinja kuanzia 2005, na kuchapishwa katika Lancet mwaka 2009, liliwalinganisha wagonjwa wa VVU waliotembelewa nyumbani na wahudumu wasio madaktari na wale waliofuata huduma kliniki. Matokeo ya kiafya hayakuwa duni kwa waliotembelewa. Mhudumu aliyefika nyumbani alizungumza lugha ya nyumba ile, na angeweza kuona jiko.

Uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa Julai 2022, kukubali Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya na kukifanya somo la lazima shuleni, umeamsha matumaini kwamba vipeperushi vya afya vitaandikwa mara moja kwa lugha moja kutoka Mombasa hadi Mbale. Tumaini hilo linahitaji tahadhari. Kwa wazee wengi wa Jinja, Kiswahili ni lugha ya kambi na ya miaka ambayo mlango uligongwa usiku. Amri ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa haikuwaachia kumbukumbu nzuri. Lugha hiyo ikitumika kumwambia mzee aache chumvi, itasikika kama amri nyingine. Mahali pake panapofaa zaidi ni miongoni mwa walimu. Mhudumu wa Kigisu, muuguzi wa Kiteso na mtaalamu wa lishe kutoka Bungoma wanaweza kukubaliana kwa Kiswahili juu ya maneno machache: presha ibaki presha, «kushuka» kusitumike kwa namba inayotakiwa, magadi yaulizwe pamoja na chumvi. Kisha kila mmoja ayapeleke jikoni kwa lugha ya jiko hilo.

Kadi ya mgonjwa, kwa mfano, ina nafasi ndogo ya ushauri chini ya namba za kipimo, na kwa kawaida ushauri huo huandikwa kwa Kiingereza, na kwa ufupi. Hapo ndipo pangeweza kuandikwa tarehe ambayo pakiti ya chumvi ilifunguliwa, kwa mkono wa yule aliyeifungua.